Opala: Picha ziko Ulaya, majina yako kando ya Lomami

Juni 2007, watafiti wa wanyama waliofika Opala, katika jimbo la Tshopo, walionyeshwa tumbili mdogo jike aliyekuwa akifugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Walimpiga picha. Sura yake, nyembamba na yenye macho kama ya binadamu, haikufanana na ya tumbili yeyote aliyemo katika vitabu vyao. Wawindaji wa hapo hawakushangaa. Walimjua tangu zamani na jina lake walikuwa nalo: lesula. Mwaka 2012, John Hart na wenzake walimtangaza duniani kama aina mpya, wakampa jina la kisayansi Cercopithecus lomamiensis, kwa heshima ya mto Lomami.

Wageni walikuwa na kamera, wenyeji walikuwa na jina. Bila jina hilo, picha ingebaki picha ya tumbili asiyejulikana.

Hali hiyohiyo inazikabili leo filamu ndogo za familia zilizopigwa katika eneo la Kisangani na mito yake kabla na baada ya uhuru. Ni bobini za utepe, nyingine ndogo kama kiganja cha mkono, zenye mitumbwi, masoko, misa, michezo ya shule na watu wanaocheka mbele ya kamera. Nyingi ziliondoka na wenye kamera. Zimekaa ndani ya makopo ya bati huko Ubelgiji, katika makumbusho, katika nyumba za mapadri au juu ya dari za nyumba za watu. Teknolojia ya kuzigeuza kuwa faili za kompyuta ipo na inafanya kazi vizuri. Kinachopungua ni muda, na unapungua pande mbili: utepe unaoza, na wazee wanaoweza kusema "huyu ni fulani" wanaondoka.

Kamera mikononi mwa nani?

Filamu ya nyumbani ilianza kuwa kitu cha kawaida Ulaya na Marekani miaka ya 1920. Pathé ya Ufaransa ilitoa filamu ya milimita 9.5 mwaka 1922, ambayo hutambulika haraka kwa sababu matundu yake yako katikati, kati ya picha na picha. Kodak ilileta ya milimita 16 mwaka 1923, kisha ya milimita 8 mwaka 1932, iliyokuwa nafuu zaidi. Rangi za Kodachrome zilikuja mwaka 1935. Super 8, iliyokaa ndani ya kasha la plastiki na kumwondolea mtu kazi ya kuipanga gizani, ilifika mwaka 1965.

Katika Kongo ya Ubelgiji, mashine hizo zilikuwa mikononi mwa wakuu wa maeneo, madaktari, mawakala wa mashamba makubwa na wamisionari. Mkongomani alikuwa mbele ya kamera, si nyuma yake. Hata kutazama sinema kulikuwa na mipaka: utawala wa kikoloni uliweka tume ya kuchagua filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kuona. Wamisionari wakatengeneza sinema zao kwa ajili ya watazamaji hao. Mfano unaokumbukwa ni vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyotengenezwa na padri Albert Van Haelst huko Kasai miaka ya 1950.

Filamu ya familia ilikuwa na safari yake. Kodachrome haikuweza kusafishwa jikoni kwa dawa za kawaida. Ilihitaji maabara maalum. Kwa hiyo utepe uliopigwa kando ya mto ulitumwa mbali, ukasafishwa, kisha ukarudishwa kwa posta kwa mwenye kamera. Yeye aliutazama na familia yake na rafiki zake sebuleni. Mama aliyepigwa picha akitwanga, au kijana aliyesimama wima kwenye pirogi, mara nyingi hakuona chochote. Wenye kamera walipoondoka, hasa mwaka 1960, bobini ziliingia ndani ya masanduku pamoja na nguo.

Zile zilizobaki hazikupata bahati. Agosti 1964, waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, na mapigano yakaenea katika maeneo ya jirani. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji. Katika misukosuko ya aina hiyo, karatasi, picha na filamu huwa za kwanza kupotea. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, habebi bobini.

Mto mmoja, bahati mbili

Tofauti kati ya filamu ya tajiri na filamu ya familia inaonekana wazi hapahapa Tshopo. Mwaka 1951, mwongozaji John Huston alileta waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kando ya mto Ruiki, upande wa Ubundu, kupiga sehemu za filamu The African Queen. Mwaka 1958, Fred Zinnemann alifika Stanleyville na Yakusu pamoja na Audrey Hepburn kwa ajili ya The Nun's Story, hadithi ya mtawa muuguzi.

Filamu ya Huston ilihifadhiwa na wenye mali. Paramount ilirudi kwenye negativi zake za mwanzo, ikazipitisha kwenye skana picha moja baada ya nyingine, ikarekebisha rangi, na mwaka 2010 ikatoa toleo jipya. Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuona miti ya Tshopo ya mwaka 1951 ikiwa safi kama imepigwa jana.

Lakini katika filamu hizo, watu wa Tshopo ni wapita njia. Wanapiga makasia, wanabeba mizigo, wanaonekana kwa mbali, hawatajwi. Familia inayotaka kumwona babu akiwa kijana haitampata kwa Bogart. Inaweza kumpata katika dakika tatu zilizopigwa na daktari au padri siku ya sikukuu, na hakuna kampuni itakayolipa kuziokoa dakika hizo.

Harufu ya siki

Filamu za zamani za familia nyingi zimetengenezwa juu ya plastiki inayoitwa asetati. Plastiki hiyo ikipata joto na unyevu, huanza kuvunjika na kutoa asidi ileile iliyo ndani ya siki. Ukifungua kopo na pua ikakushtuka kama umefungua chupa ya siki, basi filamu imeanza kufa. Kibaya zaidi, asidi inayotoka huharakisha uharibifu wa utepe wenyewe, na hata wa bobini nyingine zilizowekwa karibu.

Kwa vipimo vya wataalamu wa uhifadhi, filamu mpya ya asetati ikikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 inaweza kuchukua karibu miaka 40 kabla ya kufika hatua hiyo. Katika chumba chenye baridi kali, inaweza kuishi vizazi kadhaa. Lakini katika nyumba ya bati kwenye msitu wa ikweta, ambako joto na unyevu haviondoki, muda huo hupungua sana. Utepe husinyaa, hujikunja, hukauka na kukatika kama jani la ndizi kavu. Ukungu nao hula tabaka laini linalobeba picha.

Rangi pia hazizeeki sawa. Kodachrome ikikaa gizani hudumu vizuri, na ndiyo maana filamu za miaka ya 1950 wakati mwingine zinashangaza kwa wekundu wa vitambaa na kijani cha mto. Aina nyingine za rangi hufifia hadi picha nzima kuwa nyekundu au ya zambarau.

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya kwa nia njema ni kutafuta projekta ya zamani na kuwasha. Meno ya projekta huingia kwenye matundu ya utepe kwa nguvu. Utepe uliosinyaa haulingani tena na meno hayo, hivyo hupasuka. Ukikwama mbele ya taa kwa sekunde chache, huungua. Filamu iliyosubiri miaka 70 inaweza kuharibika jioni moja.

Jinsi kazi inavyofanyika

Fundi huanza bila mashine. Anapima upana wa utepe, anatazama matundu, ananusa, anafungua kidogo kidogo. Anasafisha vumbi na ukungu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na dawa inayofaa. Anarekebisha viungo vilivyoachia na matundu yaliyochanika.

Kisha utepe hupita kwenye skana. Skana za kisasa hazina meno: utepe huvutwa taratibu na magurudumu laini, mwanga baridi wa LED hupita ndani yake, na kamera huchukua kila picha peke yake. Bobini ndogo ya Super 8 yenye futi 50 ina picha 3,600. Ya milimita 8 ya kawaida yenye urefu huohuo ina picha 4,000. Zote hizo hutoa filamu ya dakika tatu na nusu hadi nne hivi.

Hapo hutoka faili za aina mbili. Ya kwanza ni faili kubwa ya kuhifadhi, isiyobanwa, ambayo kwa bobini moja ndogo inaweza kuzidi gigabaiti 40. Hiyo hukaa kwenye diski za taasisi, ikiwa na nakala zaidi ya moja katika majengo tofauti. Ya pili ni faili ndogo ya kutazama, megabaiti 50 hivi, inayoingia kwenye simu yoyote. Faili hii ya pili ndiyo yenye maana kwa Opala. Haihitaji intaneti ya kasi wala umeme wa Snel. Inaweza kupanda pikipiki kutoka Kisangani, au kupanda mto Lomami kutoka Isangi ndani ya mtumbwi, ikiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha.

Kuna jambo moja dogo ambalo mafundi wengi wa haraka hulikosea: mwendo. Filamu za milimita 8 kwa kawaida zilipigwa kwa picha 16 kila sekunde, na Super 8 kwa picha 18. Video ya leo huenda kwa picha 24, 25 au zaidi. Ukiiachia filamu ya zamani iende kwa mwendo wa leo, watu wote wanakimbia-kimbia kama katika vichekesho. Mazishi yanakuwa mchezo, na ngoma ya wazee inakuwa kituko. Kurudisha mwendo wa kweli si suala la ufundi tu, ni adabu kwa waliomo.

Ngoma isiyosikika

Karibu filamu zote hizo ni bubu. Kamera ndogo hazikunasa sauti. Mpadri anahubiri, midomo inatembea, hakuna neno. Mpiga ngoma anapiga, hakuna mlio.

Katika eneo la Kisangani, ukimya huo ni hasara kubwa, kwa sababu ngoma ya huku huzungumza. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi miaka mingi Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1949. Ngoma ya gogo lililochongwa ina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Kwa kupanga sauti hizo mbili kama zinavyopanda na kushuka katika lugha, mpigaji hutuma habari za kifo, safari au mkutano hadi vijiji vya mbali.

Skana haiwezi kurudisha mlio ambao haukunaswa. Lakini mzee anayeijua lugha ya ngoma, akiona mkono unapiga mdomo upi na kwa mpangilio gani, anaweza kukisia kilichokuwa kikisemwa. Mtu wa namna hiyo hapatikani Brussels. Yuko kijijini, kama bado yupo.

Ndivyo ilivyo kwa majina yote. Juu ya makopo mengi ya enzi hizo kuna maneno machache tu: Kongo, mwaka, labda jina la mto. Mtunza kumbukumbu huandika anachokiona: wanawake sokoni, watoto wa shule, chifu na watu wake. Mtu wa Opala angeandika vingine: huyu ni bibi yangu, ile ni njia ya zamani kabla kijiji hakijahama, yule mwalimu alitufundisha sisi sote. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1955 leo anakaribia miaka 80. Baada ya watu wa rika lake, hakuna wa kuuliza tena.

Si kila picha ni ya kila mtu

Kurudisha filamu hakuna maana ya kumwaga kila kitu kwenye mitandao. Wambole wa Opala wanajua hilo kuliko wengine. Lilwa, chama cha kimila kilichokuwa nguzo ya malezi na sheria zao, kilikuwa na mafunzo na sherehe ambazo si kila mtu aliruhusiwa kuziona. Sanamu zake za ofika, zinazowakumbusha watu walionyongwa kwa kuvunja sheria za lilwa, leo zimesimama ndani ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mbele ya watalii wasiojua habari yake.

Filamu inaweza kurudia kosa hilo kwa kasi zaidi. Kitu kikishaingia kwenye simu elfu moja, hakuna mzee atakayekirudisha. Kwa hiyo swali la nani aone nini linatakiwa kuulizwa kabla ya faili kutumwa, na waulizwe wenyewe: machifu, wazee wa kimila, akina mama na familia za walioonekana. Filamu ya mechi ya mpira wa shule na filamu ya jando haziwezi kuwekwa kwenye kapu moja.

Njia ya kurudi

Sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022 imefungua mlango wa kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini haihusu kumbukumbu za maandishi na nyaraka za aina hiyo. Filamu, kwa hiyo, hutegemea zaidi makubaliano ya kupeana nakala za kidijitali.

Makubaliano hayo si ndoto. Mwaka 2021, makumbusho ya Afrika ya Tervuren iliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi za muziki zaidi ya 4,000. Hapa Tshopo kwenyewe, picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1958 katika eneo la Yangambi, zilizokuwa zimehifadhiwa Tervuren, zilipitishwa kwenye skana, zikaunganishwa na kulinganishwa na picha za sasa za satelaiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukaonyesha sehemu ambako msitu umeondoka na sehemu ambako umerudi. Karatasi zilizolala miaka 60 zikawa ushahidi.

Huko Ubelgiji, mahali pa kubisha hodi panajulikana. Tervuren na jumba la filamu la CINEMATEK la Brussels vina filamu za enzi ya ukoloni. Kituo cha KADOC cha Leuven kinatunza kumbukumbu za mashirika mengi ya Kikatoliki, zikiwemo filamu za wamisionari. Upande wa Kisangani, Chuo Kikuu cha Kisangani, jimbo kuu la kanisa Katoliki na makanisa ya Kiprotestanti yaliyorithi kazi ya Yakusu ni milango ambayo nakala zinaweza kupitia, kwa sharti kwamba safari isiishie mjini. Nakala inayolala ndani ya kabati Kisangani haina tofauti kubwa na bobini inayolala Brussels.

Ukipata bobini nyumbani

Bado kuna nyumba, parokia na shule ambazo zinaweza kuwa na kopo moja au mawili juu ya kabati. Mambo machache yanaweza kuliokoa.

Usiliwashe kwenye projekta, na usilioshe kwa maji. Usikate utepe hata kama umejikunja. Kama unanuka siki, utenge na nyingine, na usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kwani asidi itabaki humo ikiula. Uweke mahali pakavu na penye baridi kuliko pengine ndani ya nyumba, mbali na bati la paa na moshi wa jikoni.

Piga picha ya kopo kwa simu, pamoja na kila neno lililoandikwa juu yake, hata kama halisomeki vizuri. Mwandiko huo mara nyingi ndio ushahidi pekee wa mwaka na mahali. Andika pia jina la aliyekupa na alikolitoa.

Halafu, bila kusubiri fundi yeyote, fanya kazi ambayo haihitaji mashine. Kaa na mzee, washa kinasa sauti cha simu, muulize: nani alikuwa na kamera hapa? Alikuja kupiga picha siku gani? Nani alisimama mbele? Majibu hayo yakihifadhiwa leo, siku faili itakapofika kutoka Ulaya yatakuwa tayari kuisubiri.

Tumbili wa Opala aliingia katika vitabu vya dunia akiwa na jina lake kwa sababu wawindaji waliomjua walikuwepo kuulizwa. Watu waliomo ndani ya bobini nao walikuwa na majina.